Vilivyonikesha na vilivyonichosha

Nianze na iliyoniudhi. Mufasa: The Lion King ilitoka Desemba 2024, na katika nyumba yenye watoto filamu ya namna hiyo haikwepeki. Usipoiona mwezi huu utaiona ujao, na ukishaiona mara moja utaambiwa uirudie. Niliketi kuitazama kwa moyo mkunjufu kwa sababu ya jina la mwongozaji. Barry Jenkins ndiye aliyetengeneza Moonlight, filamu ya mwaka 2016 iliyopata Oscar ya filamu bora, na mle ndani kuna kipande kisichonitoka: mtoto asiye na baba amechukuliwa na mtu mzima hadi baharini, anashikwa kichwa, anafundishwa kuelea. Hapasemwi jambo lolote kubwa. Mawimbi yanapiga hadi kwenye kamera, mkono unaachia, mtoto anaelea. Nikasema mtu kama huyu akipewa simba hatashindwa kuwatia roho.

Akawatia maelezo. Filamu nzima inajibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Fimbo ya Rafiki ilitoka wapi? Utaonyeshwa. Scar alipataje kovu? Utaonyeshwa, tena kwa kirefu. Jabali la wafalme je, lilisimamaje pale? Hata hilo wamelitafutia sababu. Sisi tuliokua na katuni ya mwaka 1994 tulimpokea Scar kama alivyokuja, mdogo mtu anayemwonea kaka yake kijicho, na hatukuhitaji zaidi. Wivu wa ndugu kwa ndugu haudai cheti cha kuzaliwa.

Halafu kuna nyuso. Simba wametengenezwa kwa kompyuta wakafanana na wale wa Serengeti kiasi cha kukosa tofauti, na hapo ndipo penye shida, kwa sababu simba wa kweli hana uso wa kulilia. Mnyama anampoteza mzazi, muziki unaomboleza kwa niaba yake, na yeye sura imetulia kama anayesubiri zamu benki. Watoto hawakuona kasoro yoyote. Waliimba, wakaruka juu ya kochi, wakaomba irudiwe. Haki yao, sina ugomvi nao.

Lakini tangu siku hiyo nimekuwa na kipimo kimoja ninachokitumia kwa kila ninachosoma au kutazama: mwenye hadithi ameniachia nini cha kufanya mwenyewe? Wengine hawakuachii kitu, wanakutafunia na kukumezea. Wengine wanakuachia kila kitu, wakaenda zao. Miezi hii nimekutana na wa aina zote mbili, na wachache waliokaa katikati, na nimegundua kwamba hao wa katikati ndio walionikesha.

Kwa watu wengi waliosoma Tanzania, Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ni kitabu cha mtihani. Kilichapishwa mwaka 1999, kikaingia katika riwaya teule za kidato cha tano na cha sita, na vijana wakakijua kwa vichwa vilivyoandikwa ubaoni: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Unaweza kukutana na mtu mzima, ana kazi yake na familia yake, akakutajia migogoro yote ya Vuta N'kuvute kwa mpangilio, na usimsikie akisema kama kuna ukurasa uliomchekesha. Mwaka huu nimekirudia bila kalamu mkononi, nikijilalia zangu, na nilicheka mpaka nikaulizwa kulikoni.

Kwa ambaye hakukisoma: Yasmin ni binti wa Kihindi wa Unguja, anaozwa akiwa na miaka 15 kwa Bwana Raza, mwenye duka aliye rika la baba yake. Duka likidorora wanahamia Mombasa. Huko Yasmin anachoka na maisha ya kufungiwa, anatoroka, anarudi Unguja, na jamaa zake wanamkana. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo mwenye starehe nyingi na fedha kidogo. Kupitia kwa Mwajuma ndipo anapomjua Denge, kijana aliyerudi kutoka masomoni Urusi, anayesakwa na makachero wa Mwingereza kwa ajili ya siasa zake na maandishi yaliyopigwa marufuku.

Mwandishi angeweza kuugeuza urafiki wa Yasmin na Mwajuma kuwa bango: tazameni, Mhindi na Mswahili wamekuwa kitu kimoja, ukoloni utashindwa. Hakufanya hivyo. Aliwaweka wanawake wawili chumbani, mmoja ametoka katika nyumba ya duka na mwingine hajui kesho atakula nini, akawaacha waazimane nguo, wataniane, waende dansa, wasutane, wapatane. Siasa inaingia humo kama inavyoingia katika nyumba za watu, kwa kupitia mlangoni pamoja na mgeni. Mwajuma hana hotuba hata moja ya maana. Ana chumba, ana kanga na ana ulimi, na kila anapotokea kitabu kinachangamka.

Denge ndiye mwenye hotuba, na hapo sitamtetea Adam Shafi. Kijana yule akianza kueleza ubeberu, unamwona mwandishi amesimama nyuma yake anampa pumzi. Kurasa hizo hazijazeeka vizuri. Kinachoziokoa ni Koplo Matata, askari mwenye bidii ya kumtumikia mzungu kuliko mzungu mwenyewe anavyohitaji, ambaye kila akidhani amemtia Denge mkononi anabaki na aibu yake. Katika vitabu vyetu vya harakati adui huwa mkatili tu. Huyu ni mkatili na ni kichekesho pia, na nadhani kicheko kile kinamvua nguo mkoloni na vibaraka wake kuliko hotuba zote za Denge zikijumlishwa.

Basi, nikiwa bado na ladha hiyo mdomoni, nikaitafuta filamu. Amil Shivji, aliyekwisha kutupa T-Junction mwaka 2017, aliigeuza riwaya hii kuwa filamu ya jina lilelile, ikaonyeshwa Toronto Septemba 2021, ya kwanza kutoka Tanzania kuchaguliwa katika tamasha lile. Mwaka uliofuata Tanzania iliiteua kwenda kuwania Oscar, jambo ambalo mara ya mwisho lilikuwa limefanyika kwa Maangamizi ya mwaka 2001. Kwa hiyo nilikuwa naingia kutazama kitu ambacho watu wanakiheshimu, na wanayo sababu. Sijawahi kuuona mji wa Unguja ukipigwa picha kwa mapenzi kiasi kile. Kuta zilizoliwa na chumvi, mwanga unaopenya dirishani ukaishia nusu ya uso wa mtu, ngazi za mbao, giza la vichochoro. Hakuna picha ya kumwita mtalii.

Shivji amekwenda kinyume kabisa na yule wa simba: haelezi. Yasmin, anayechezwa na Ikhlas Gafur Vora, anakutana na Denge wa Gudrun Columbus Mwanyika usiku, akiwa njiani kupelekwa kuolewa. Kitabuni wanakutana baada ya ndoa, baada ya Mombasa, baada ya ndugu kumfungia mlango. Tofauti hiyo si ndogo. Yasmin wa Adam Shafi anapompenda Denge amekwisha kulipa, anajua gharama ya kuondoka na gharama ya kubaki. Yasmin wa filamu anapenda kwanza, na uzito wote ule inabidi tuusome usoni mwake. Vora anao uso wa kubeba mzigo huo kwa muda, lakini si kwa filamu nzima.

Niliitazama na dada yangu, ambaye hakusoma kitabu kwa kuwa yeye alichukua masomo ya sayansi. Ilipofika nusu saa akaniuliza, "Hivi huyu kijana kafanya nini hasa, mbona wanamkimbiza?" Nikaanza kumweleza, nikasikia mwenyewe kwamba ninamsimulia kitabu. Nikanyamaza. Kwa aliyesoma riwaya, ule ukimya wa filamu umejaa watu na visa. Kwa ambaye hakusoma, ni watu wazuri wanaotazamana kwenye mwanga mzuri. Dada hakulala, hilo nalo niliseme. Alikaa mpaka mwisho kwa ajili ya Mwajuma.

Mwajuma yuko mikononi mwa Siti Amina, mwimbaji wa Siti and the Band, na uteuzi huo ndio bora kuliko wote katika filamu hii. Taarabu kwake si pambo la kuwafurahisha wageni wa tamasha. Akisimama kuimba, kamera inaacha kuringa na kumfuata yeye, na kwa dakika chache unapata joto lile lililojaa kitabuni. Ukiniuliza kilichopotea katika safari kutoka ukurasani hadi kwenye skrini, nitakwambia ni kicheko. Filamu ina huzuni mwanzo hadi mwisho, huzuni yenye heshima zake, kana kwamba kupigania uhuru na kutaniana haviwezi kukaa chumba kimoja. Watu wa Ng'ambo wa Adam Shafi wangeshangaa kusikia hivyo.

Filamu niliyoipenda kuliko zote msimu huu si mpya. Supa Modo ya Likarion Wainaina ilitoka Kenya mwaka 2018, ikaenda Berlin, ikawa ndiyo Kenya iliyoiteua kwa Oscar mwaka huo, na kwa sababu nisizozijua ilinipita. Ni ya dakika 74 tu. Jo, msichana wa miaka 9, ni mgonjwa na hatapona. Anapenda filamu za mashujaa na za kung fu. Mama yake anamtoa hospitalini amrudishe nyumbani kijijini, siku zilizobaki akazimalizie kwao. Mama anataka atulie ndani, apumzike. Dada mtu, Mwix, anaona kwamba kupumzika huko ndiko kutakakomuua mtoto kabla ya wakati, basi anakula njama na kijiji kizima ili Jo aamini kwamba ana nguvu za ajabu.

Ukiisikia hivyo utasema ni filamu ya kuliza watu kwa makusudi. Nami nilikaa kwa tahadhari. Kisha ikaja mechi ya mpira. Watoto wanacheza, Jo ananyoosha mkono wake kusimamisha wakati, na uwanja mzima unaganda, wachezaji na watazamaji, kila mtu pale alipokuwa. Jo anapita katikati yao taratibu. Kamera haina haraka, na unapata nafasi ya kuwatazama watu wazima waliokubali kusimama juani kwa ajili ya mtoto wa jirani. Hakuna muziki unaokuamuru ulie wala mtu anayegeuka kusema kwamba jamii yenye umoja inafanya makubwa. Unaona magoti yanatetemeka, basi. Stycie Waweru, aliyecheza kama Jo, anatembea pale kwa kiburi cha mtoto anayejua anachofanya, na filamu inakuacha ujiulize ni nani hasa anayemdanganya mwenzake.

Kuna mtu mwingine mle ndani aliyenigusa kwa sababu zangu, naye ni mwenye kibanda cha video kijijini, anayewasimulia watazamaji kinachosemwa kwenye skrini, akiongeza chumvi zake. Waliokulia Dar es Salaam wanamjua mtu huyo. Tulikuwa na Lufufu na wenzake, waliotafsiri filamu za Kichina, za Kihindi na za Marekani kwa Kiswahili cha mtaani, na kwenye vibanda umiza kuna watu waliokuwa wakiingia kwa ajili ya sauti ya Lufufu, filamu yenyewe iwe yoyote. Wale hawakuwa watafsiri, walikuwa watunzi. Waliongeza visa, walimpa adui jina la jirani, walitia methali mdomoni mwa Rambo. Wainaina amempa mtu wa namna hiyo nafasi ya heshima katika hadithi yake, na ninashangaa kwa nini hatuna filamu nzima juu yake.

Mwisho wa Supa Modo sitausema. Nitasema tu kwamba filamu juu ya mtoto mgonjwa imeweza kumaliza dakika zote hizo bila kutupa somo la afya, na kwa eneo letu hilo ni jambo la kushika kalamu na kuliandika. Filamu zetu nyingi zinapata fedha kwa miradi, na mradi una malengo yake, na malengo lazima yasikike. Ndiyo maana mara nyingi utamkuta daktari katikati ya filamu akiongea kama kipeperushi.

Binti ya Seko Shamte, iliyotoka mwaka 2021 na baadaye ikaingia Netflix, inaikwepa hatari hiyo kwa sehemu kubwa. Wanawake wanne wa Dar es Salaam, kila mmoja na sura yake, kila mmoja na dhiki yake. Waigizaji ni wazuri, hasa Godliver Gordian, na jiji limevishwa nguo zake za kila siku bila kuaibishwa. Tatizo langu ni kwamba kila sura inakatika ndiyo kwanza inakolea. Ningetoa sura mbili ili nibaki na mbili zilizoshiba. Lakini ni filamu ya kutazama, na ninasubiri kitakachofuata.

Nirudi kwenye vitabu. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel mwaka 2021, wengi kwetu waliulizana ni nani, na swali hilo halikuwa la aibu sana kwa kuwa vitabu vyake vilikuwa vya Kiingereza na bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota walitoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya mwaka 1994. Nimeisoma kwa kuchelewa na kwa pupa. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anampenda Ami Aziz kwa sababu kila akija kuwatembelea humwachia senti mkononi. Siku moja Ami anaondoka naye. Safari ni ya treni, mtoto anafurahia treni. Akifika pwani anaambiwa na Khalil, kijana mwenziwe wa dukani, kwamba yule si ami yake hata kidogo: baba yako anadaiwa, na wewe ndiye rehani. Gurnah hakuongeza neno la kulaani. Sarafu zile za mwanzo unazirudia mwenyewe kichwani, moja moja, na kila moja imebadilika thamani.

Baada ya hapo kuna msafara wa kwenda bara, wanyapara, homa, mahongo yasiyokwisha na mji wa Chatu, ambako mali yote ya tajiri inanyang'anywa. Ni kurasa nzuri kuliko zote nilizosoma mwaka huu. Wafanyabiashara wa pwani hawakuoshwa humo. Wanaonekana kama walivyokuwa, wenye adabu nzuri na mikono michafu, na Wajerumani wanaingia polepole kutoka pembeni mpaka siku moja unashtuka wamejaa.

Kutokana na raha hiyo niliifungua Theft ya mwaka 2025, riwaya yake ya kwanza tangu Nobel, nikiwa na matarajio makubwa mno. Kuna vijana watatu, Karim, Fauzia na Badar, na nchi ni Tanzania ya baada ya miaka ya 1980, Unguja na Dar es Salaam, utalii unapofungua milango. Badar ni ndugu wa karibu na Yusuf: mtoto maskini aliyeletwa nyumbani kwa watu kuwa mtumishi, haambiwi kwa nini, anasingiziwa wizi. Sehemu ile ya nyumba ya Dar es Salaam ni Gurnah mwenyewe. Mzee Othman anamchukia mtoto bila kumtazama, na chuki hiyo inakaa mezani kila chakula. Sote tumewahi kuingia nyumba yenye mtumishi wa namna ile, ambaye anatajwa kwa jina pale tu kitu kinapopotea.

Shida inaanza Karim anapokuwa bwana mkubwa. Kijana yule aliyekuwa mwema, msomi, mwenye kumshika mkono Badar, anageuka, katika ndoa yake na Fauzia, kuwa mume mkali na mwenye majivuno kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata. Anatokea mwanamke wa Kizungu wa kujitolea, yanatokea yanayotokea, na ndoa inavunjika katika kurasa chache. Mambo kama hayo yapo, Unguja yapo tele. Lakini mwandishi aliyempa Yusuf kitabu kizima ili tumwone akipevuka, hapa amemsukuma Karim mlangoni akafunga. Nilimaliza nikiwa nimeridhika na Badar, nimemwonea huruma Fauzia, na Karim nikabaki simjui. Kwa mwandishi mwingine ningesema riwaya nzuri. Kwa Gurnah nasema ni ya daraja la pili, na anayetaka kumjua aanze na Peponi.

Ninajua wapo watakaonijibu kwamba Vuta N'kuvute ya Shivji inapaswa kupimwa kama filamu, si kama kitabu kilichopunguzwa. Wana hoja. Ila mwongozaji mwenyewe aliichukua na jina lake, na jina lile lina watu ndani. Isomeni kwanza, kisha muione, mtapata vyote viwili. Supa Modo haihitaji maandalizi, itazameni na watoto. Na kwa walimu wanaoifundisha riwaya ya Adam Shafi muhula huu nina ombi: kabla hamjaandika neno dhamira ubaoni, wasomeeni wanafunzi kurasa za Mwajuma kwa sauti, na muwaache wacheke.